Matonge Mawili ya Bi Mashavu

Kila alipokula, Bi Mashavu alitenga matonge mawili pembeni mwa sahani. Aliyafinyanga kwa ncha za vidole, akayalaza ukingoni yakiwa sawasawa, ndipo akaendelea na chakula chake. Ukiwa wali, yalikuwa ya wali. Katika miaka ile ya foleni za mchele, chakula kilipokuwa ugali na mchicha usioonja nazi, yalikuwa ya ugali. Akimaliza, kama kuna watoto karibu aliwapa. Kama hakuna mtu, aliyatazama kidogo, kisha akayala mwenyewe, moja halafu jingine, bila haraka.

"Adabu za jikoni hizo," Bi Ghaniya alikuwa akisema, akichungulia uani kutoka roshani. "Mtu anakula chakula chake akamaliza. Habakishi kama anayemwekea jini."

Bi Ghaniya alikuwa bibi yake Shemsa, mama wa baba yake, na katika nyumba ile ya Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, hapakusogezwa hata mto bila ya yeye kuulizwa. Bi Mashavu aliosha mkono, akainua sahani, akaingia jikoni. Na Shemsa alikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa skuli, alipokuja kufahamu kwamba moja katika matonge yale lilikuwa lake.

Mashavu alitoka Makunduchi akiwa mjane mbichi. Mumewe, Mjaka, mchukuzi wa bandarini, alikufa kwa homa kabla hajaiona sura ya mwanawe. Kwa hiyo Mashavu aliingia Kiponda na mtoto mchanga mgongoni, jina lake Mcha, kuja kupika. Akapewa kijichumba uani, ubavuni mwa jiko la kuni, na akaambiwa namna ya kuishi. Ngazi ya mbele ni ya wenye nyumba na wageni wao, yeye atumie ya nyuma. Viatu avue chini. Na huyo mtoto wake asionekane ghorofani.

Hakukaa sana, Bi Zuwena, mke wa bwana wa nyumba, akajifungua Shemsa. Homa ya uzazi ikamshika, na ilipoondoka iliondoka na maziwa yake. Kwa mwanamke mwingine hilo lingekuwa jambo la kusikitikiwa tu. Zilikuwako nyumba nyingi mjini ambazo watoto wao walinyonyeshwa na wanawake wengine, na hakuna aliyeona haya. Lakini Bi Ghaniya hakumtaka mkwe huyu tangu siku ya kwanza. Alikwishamchagulia mwanawe mke wa pili, binti wa jamaa zake, na alichokuwa akingoja ni sababu. Alipita mlangoni kwa mzazi, akasimama, akauliza kwa sauti laini, "Anashiba huyo? Mbona analia kama yatima?"

Basi Bi Zuwena akamwita mpishi. Alfajiri, wakati Bi Ghaniya bado yuko kwenye msala na uradi wake mrefu, Mashavu alipanda ngazi ya nyuma miguu mitupu, akaingia ndani ya chandarua, akampakata Shemsa na kumnyonyesha. Mama mtu alikaa ubavuni, ameushika ukingo wa chandarua kama anayeshika mlango. Ikawa hivyo mchana, watu wanapolala. Ikawa hivyo jioni, Bi Ghaniya anaposhuka kupokea wageni. Mwaka ukapita, na zaidi. Wanawake wale wawili hawakuwa wakisemezana ndani ya chandarua, isipokuwa siku moja tu, ya mwanzo, ambapo Bi Zuwena alimletea mpishi msahafu na kumwapisha kwamba hatolisema jambo hili kwa kiumbe yeyote.

Chini uani, Mcha alikuwa akingoja. Alipofikiwa, alinyonya kilichobaki.

Watoto wale wawili walipoanza kula, Shemsa alijifunza kuteremka ngazi ya nyuma kwa makalio, kidato kwa kidato, kuifuata harufu ya jikoni. Bi Mashavu aliwakalisha mkekani, yeye na Mcha, magoti yao yakigusana, akafinyanga matonge mawili kutoka katika sahani yake mwenyewe, akawatia midomoni. Leo alianza na huyu, kesho na yule. Hakutaka hata mmoja azoee kutangulia.

Bi Ghaniya akawaona. Alikuwa amesimama roshani, akamwona mjukuu wake amekaa chini, kinywa wazi, bega kwa bega na mtoto wa mpishi. Hakupiga kelele. Kabla ya magharibi Bi Mashavu alikuwa nje ya nyumba, furushi kichwani, mwanawe mkononi, na Bi Zuwena juu dirishani akitazama. Shemsa alilia siku nyingi, hataki kula. Nyumba nzima ikakubaliana kwamba ana minyoo. Wakamnywesha dawa.

Bi Mashavu akahamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji, akajenga tanuri ya udongo, akawa anachoma mikate ya mofa, ile ya mtama, na kuiuza. Alimpeleka Mcha kwa nduguye, Pandu, huko Makunduchi, mpaka afike umri wa skuli. Hakuwa na uchungu wa kuonesha. Aliyemuuliza kwa nini aliondoka Kiponda alijibiwa, "Kazi iliisha."

Yakaja Mapinduzi. Baba yake Shemsa alikuwa amekwishafariki, na jamaa wengi waliokuwa wakiijaza nyumba siku za Idi wakatawanyika, wengine Mombasa, wengine Maskati. Nyumba ikachukuliwa na serikali. Vyumba vya chini na vya kati wakapewa watu waliokuwa wakibanana Ng'ambo, na wale wanawake watatu, bibi, mkwe na mjukuu, wakaachiwa vyumba viwili vya juu. Macho ya Bi Ghaniya yalikuwa yanafifia tangu zamani. Mwaka ule yakazima kabisa.

Katika wiki zile za mwanzo hakuna aliyewapigia hodi kwa wema. Shemsa, kijana wa miaka kumi na minne, alikuwa akikaa karibu na dirisha bila kulifungua, akisikiliza nyayo za watu. Siku moja akasikia sauti ya mwanamme chini, mmoja wa wapangaji wapya, imejaa furaha.

"He! Bi Mashavu! Pita mlango mkubwa, mama. Panda ngazi ya mbele. Siku hizi ni yetu!"

"Ipande wewe, Hasan," ikajibu sauti ambayo Shemsa hakuisikia tangu utotoni, na mwili wake wote ukaitambua kabla akili haijafika. "Mie nimeizoea ya nyuma. Tena mikate ina moto."

Akaingia, ushungi umeteremka mabegani, na kanga yenye mikate mikononi. Hakushangaa kuona mazulia yameondoka. Hakuuliza lolote.

"Nani huyo?" Bi Ghaniya aliuliza kitandani.

"Mashavu, Bi Mkubwa. Shikamoo."

Kikongwe akanusa.

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Mofa."

"Hujaichoma sana?"

"Sikuichoma sana."

"Haya. Nipe."

Akala mpaka akamaliza, wala hakusema ahsante. Na tangu hapo Bi Mashavu akawa anakuja kila Ijumaa. Mara moja Bi Zuwena, kwa haya, alimsukumia bangili ya fedha iliyokuwa imebaki. Bi Mashavu akairudisha pale pale ilipotoka. "Mie siuzi hapa, Bi Zuwena. Nauza Ng'ambo." Shemsa alilikumbuka jibu hilo maisha yake yote. Alikuwa amezoea kusikia watu wakisema kwamba dunia imepinduka, wa chini wamekuwa juu. Kwa mwanamke huyu hakuona kitu kilichopinduka. Alikuwa amesimama wima tangu zamani. Ni wao tu waliokuwa wakimtazama kutoka roshani.

Alikaa nao kidogo kila Ijumaa, akala alichopewa, hata kikiwa kidogo, na matonge mawili akayatenga. Shemsa alipomaliza masomo ya ualimu na kuanza kazi, Bi Mashavu alimletea mkate wa kwake peke yake, mdogo, wa mviringo, umetiwa ufuta. "Wa mwalimu," alisema, na uso wake ukawaka kwa fahari ambayo Shemsa hakujua ameipataje.

Mcha naye alikuwa amesoma. Serikali ilimpeleka Ujerumani Mashariki kujifunza umeme, na aliporudi, mwaka 1970, akapewa kazi mjini. Ijumaa moja mama yake aliamka na kichwa kinamuuma. Mcha akaichukua kanga ya mikate akaipeleka Kiponda mwenyewe. Hakuwa ameingia nyumba ile tangu alipotolewa na furushi. Alipofika nusu ya ngazi akasimama.

"Hodi wenyewe! Mbona ngazi ina giza kama kaburi?"

"Taa imekufa tangu mwaka juzi," Shemsa alijibu kutoka juu, akijitanda kanga yake vizuri.

"Na mwaka juzi wote huu mnapapasa tu?"

"Tunajua njia. Wageni ndio wanaoanguka."

Mcha akacheka, kicheko kikubwa kilichogonga kuta. Siku ya pili akaja na waya. Siku ya tatu akaja kuangalia kama waya umekaa vizuri. Wiki ile ile akaja kuuliza kama taa haiwaki mno.

"Fundi," Shemsa alimwambia, "hii taa au mgonjwa?"

"Mgonjwa ni fundi, mwalimu."

Shemsa hakulala vizuri usiku ule. Hakujua kama hilo ndilo linaloitwa mapenzi. Alichojua ni kwamba mbele ya kijana yule hakuwa mgeni, wala hakuwa na hofu, katika mji ambao kwa miaka sita alikuwa mgeni na mwenye hofu.

Kosa la Mcha lilikuwa la mtoto anayetaka kumfurahisha mama yake. Posa ni kazi ya wanaume. Wazee huenda barazani, wakakaa, wakanywa kahawa, wakasema walilotumwa, na jibu likarudi. Mcha akamwita mjomba wake Pandu kutoka Makunduchi, akamtuma na wazee wawili wa mtaani, bila ya kumwambia mama yake. Alitaka mama alikute jambo hili limekwishaiva: mwanawe anamwoa binti wa nyumba waliyofukuzwa. Hakujua kwamba jambo lenyewe, tangu mwanzo wake, lilikuwa mikononi mwa wanawake wawili tu.

Bi Mashavu alikuwa tanurini Pandu alipofika, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa upande.

"Dada, niamkie vizuri leo. Nimetoka Kiponda."

"Kufanya nini?"

"Nimekaa baraza yao! Nimenyweshwa kahawa kwa kikombe cha kaure, mimi, Pandu, mtoto wa mvuna muhogo! Tumempelekea posa mwanao. Kwa Shemsa. Na jibu la Bi Zuwena limetoka ndani: wamekubali!"

Jirani yake, Sichana, akapiga kigelegele kutoka kwenye ua wa pili. Wengine wakadakia. Kina mama wakaja mbio na kanga zinawaporomoka, wakamkumbatia. Bi Mashavu alisimama katikati yao mkono mmoja uko hewani, na nyuma yake mikate ikaungua yote. Katika miaka yake ya mofa haikuwahi kumtokea.

Jioni hiyo hiyo alikwenda Kiponda. Shemsa alimwona anapanda ngazi ya nyuma, akamwona mama yake anamshika mkono na kumpandisha hadi darini, panapoanikwa nguo. Alidhani wanapanga mambo ya harusi. Alikuja kusimuliwa baadaye waliyoyasema.

"Wakatalie," Bi Mashavu alisema. "Wewe ndiye mama mtu. Sema binti hataki, sema lolote. Mimi nina kiapo chako shingoni."

"Siwezi." Bi Zuwena alishika kamba ya nguo. "Umeona tunavyoishi. Binti hana baba, hana kaka. Leo wakija wakubwa wa serikali kumtaka kwa nguvu, nani atasimama mlangoni? Mcha ni mtu wao, ana jina. Mashavu, ilikuwa zamani. Hakuna aliyeona."

"Mungu je?"

"Mungu ni mwenye kusamehe." Akamshika mikono yote miwili. "Fikiri. Utaingia nyumba hii kama mkwe. Utakaa kitini. Mwanao atapata anachokipenda, na mimi nitakupa heshima mbele ya watu wote. Nyamaza tu. Ulinyamaza miaka yote hiyo."

"Nilinyamaza ili usiachwe," alisema Bi Mashavu. "Hili jingine."

Alirudi nyumbani akamwambia mwanawe aache posa ile. Hakumwambia sababu, kwa kuwa kiapo kilikuwa bado kimemfunga. Mcha akamtazama kwa uchungu.

"Kwa sababu sisi watu wa jikoni? Mama, zama hizo zimekwisha. Usiwaogope tena."

"Simwogopi mtu mimi."

"Basi nini?"

Bi Mashavu alijua sasa kwamba akimwambia faraghani, Bi Zuwena atakana, na mwanawe ataamini kwamba mama anajidhalilisha. Na posa ikivunjwa kimya kimya, watu watasema upande wa mwanamme umemwona Shemsa na ila. Hakuwa tayari msichana yule atiwe doa.

Siku iliyotangulia ile ya wanawake kwenda kumtazama bibi harusi, Bi Mashavu alichoma mikate tangu asubuhi, akapika na mchuzi wa papa, akawaita masikini kumi, akawakalisha uani kwake, akawalisha mpaka wakashiba. Pandu akafurahi. "Sadaka ya harusi," aliwatangazia wapita njia. Sichana, ambaye alisoma chuo cha Kurani akaelewa, alimtazama tu. Kulisha masikini kumi ni kafara ya mtu anayetaka kuvunja kiapo chake.

Wanawake walivuka kutoka Ng'ambo mchana wa Alkhamisi, wamejipamba, wengine wametoka Makunduchi alfajiri, wanaimba tangu Darajani. Hasan na wenzake wa chini walitoka kuwashangilia. Shemsa aliwekwa chumba cha ndani, pazia limeteremshwa, mikono ina hina. Alisikia kila kitu. Alisikia Bi Mashavu akikalishwa kwenye kiti cha babu yake, kiti chenye mikono ambacho hakikukaliwa na mtu tangu mzee afe.

"Nasikia umekaa kwenye kiti cha marehemu," ilisema sauti ya Bi Ghaniya.

"Nimekalishwa, Bi Mkubwa."

"Kinakutosha?"

"Kigumu."

Wanawake wakaangua kicheko. Sinia zikaingia, pilau ikapakuliwa. Kisha, kidogo kidogo, kicheko kikafifia, kwa sababu mama wa bwana harusi alikuwa ametenga matonge mawili pembeni na hakula chochote.

"Bi Zuwena," alisema. "Nakuomba mbele ya hawa, liseme wewe. Usipolisema nitalisema mimi, na kafara nimekwishaitoa."

Bi Zuwena alikuwa ameinamisha uso.

"Harusi hii haiwi," alisema Bi Mashavu. "Si kwa kosa la binti. Binti ni johari. Lakini nimemnyonyesha mimi, kuanzia alipozaliwa mpaka alipotembea. Yeye na Mcha wamenyonya ziwa moja. Ni ndugu."

Nyuma ya pazia, Shemsa alihisi hina inamkaukia mikononi.

"Muongo!" Bi Zuwena alisimama. "Mpishi tuliyemfukuza, ana kinyongo nasi mpaka leo! Nani alikuona? Mlete mtu mmoja aliyekuona!"

"Hakuna. Ulihakikisha mwenyewe asiwepo."

"Bi Mashavu," alilia mmoja wa wanawake wa Makunduchi, "umerogwa? Mwanao anapewa mke wewe unamkatalia?"

Minong'ono ikajaa chumba kizima. Neno la mpishi, neno la bibi wa nyumba. Shemsa alilifahamu lile pengo. Lilikuwapo katika nyumba ile kabla yeye hajazaliwa, na Mapinduzi hayakulifikia. Kisha akasikia bakora ya bibi yake ikigonga sakafu.

"Anasema kweli," alisema Bi Ghaniya.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mnanidhania mjinga? Mtoto amezaliwa ghorofani, amefukizwa udi, amepakwa zafarani, nikimbeba ananuka moshi wa kuni. Kila siku, moshi wa kuni, na mafuta ya nazi ya huyu. Macho yangu yamekufa, pua haijafa. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Ulijua?" Bi Zuwena aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya msichana mdogo. "Ulijua, na miaka yote ukaniacha nakuogopa?"

"Kuogopa kulikuwa kunakufaa. Na huyu nilimtoa si kwa tonge la wali. Nilimtoa kwa sababu mjukuu wangu alikuwa anaanza kufanana naye kwa mwendo. Sikutaka watu waone." Bi Ghaniya akainua kidevu. Shemsa, aliyekuwa amelifunua pazia kidogo, aliona kwamba anatabasamu, kwa kuwa alidhani ameshinda. "Nilikuwa nangoja tu nione nani atalisema. Basi harusi hakuna, kwa sheria ya Mungu. Mjukuu wangu hatolewi kwa mtoto wa mpishi. Nendeni mkawaambie wanaume huko chini."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mashavu. Akainuka kwenye kile kiti, taratibu, akasimama mbele ya kikongwe. "Nakushukuru kwa ushahidi wako, Bi Mkubwa. Maana mkwe ungeweza kumpata leo, kesho ukamrudisha kwao. Ndugu harudishwi. Kuanzia leo Mcha akiingia humu, Shemsa hana haja ya kujitanda. Kakaake."

Tabasamu la Bi Ghaniya likabaki usoni bila ya mwenyewe. Alikuwa mwerevu siku zote, lakini hesabu hiyo hakuwa ameifanya.

Hapo Shemsa akatoka. Alipita katikati ya wanawake na nguo zake za kutazamwa, akamfikia Bi Mashavu, akakaa chini kwenye mkeka, miguuni pake. Tangu utotoni alikuwa amemlilia mwanamke huyu pasipo kujua kwamba ndiye anayemlilia. Akafungua kinywa.

Bi Mashavu akainama, akachukua tonge moja pembeni mwa sahani, akamlisha. Sichana ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na kilikuwa kirefu, na wanawake wa pande zote mbili wakakiitikia, wengine wakilia, mpaka wanaume barazani wakadhani harusi imekamilika.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na si vizuri kusema ilikuwa. Mcha hakusema na mama yake. Aliomba uhamisho akaenda Pemba kusimamisha nguzo za umeme, na kwa miezi mingi hakuna barua wala salamu. Shemsa naye alikuwa na jeraha lake, la aibu na majonzi, ambalo hakuweza kumwonesha mtu, kwa sababu lilikuwa halina jina. Ilimlazimu kumtoa moyoni mtu mmoja na kumrudisha mtu yule yule kwa mlango mwingine. Ilichukua muda. Lakini kila Alkhamisi, akitoka skuli, alivuka kwenda Ng'ambo kumsaidia kukanda unga. Watoto wa mtaa walimzomea mwanzoni, "Bibi mkubwa wa Kiponda kaja kuchomwa moto!" Bi Mashavu akawatimua kwa upawa. "Huyu binti yangu! Mwenye la kusema aje aniambie mimi!" Alilitamka neno hilo, binti yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na Shemsa aliona kwamba alikuwa akilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Bi Zuwena hakuomba radhi kwa maneno. Lakini Ijumaa, Bi Mashavu alipokuja na mikate, Bi Zuwena aliteremka ngazi ya nyuma mpaka chini kabisa, akampokea kanga, akamtangulia kupanda. Na siku moja alimkuta amevua viatu pale chini kama desturi, akaviokota kwa mkono wake akavipandisha juu. Bi Ghaniya aliendelea kuuliza kama mofa imechomwa sana, hadi alipokufa.

Mcha alirudi mwisho wa mwaka uliofuata. Alifika Kiponda kwanza. Alipanda ngazi, taa yake ikiwaka, akasimama mlangoni na kipande cha kanga kipya mkononi. Shemsa alikuwa kichwa wazi, anasahihisha kazi za wanafunzi. Mkono wake ulikwenda kwenye kanga kwa mazoea, kisha akauteremsha.

"Karibu, kaka," alisema.

Mcha aliitazama taa ya ngazini. "Taa haijafa?"

"Haijafa. Fundi wake hodari, ila mkaidi."

"Umenitukana, mwalimu," alisema, na akacheka, kicheko kile kile. Wakavuka pamoja kwenda Ng'ambo. Bi Mashavu alikuwa anakula. Aliwaona wanaingia uani bega kwa bega, akaisogeza sahani mbele, na jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu walipokuwa wadogo, matonge yote mawili yaliliwa na wenyewe.

Aliugua mwaka 1972, baada ya mvua za masika, ugonjwa wa kifua. Shemsa aliomba likizo akahamia kwake. Alimwosha, alimsuka nywele, alimsomea Yasini. Majirani walipokuja kumtazama mgonjwa walimwita mtoto wa nyumba, wakamtuma maji kama mtoto wa nyumba. Jina la ukoo wake, ambalo zamani lilitosha kufungua milango mjini, halikuwa na kazi pale. Alikuwa binti wa Bi Mashavu wa mofa, na hakuona kwamba ameshuka hata kidato kimoja.

Adhuhuri ya siku ya mwisho Mcha alikwenda kutafuta dawa hospitali. Bi Mashavu alikuwa hajala tangu juzi. Akafungua macho akaomba wali. Shemsa alimletea kidogo kwenye sahani ya bati, akamwinua, akamwegemeza kifuani pake. Alitaka kumlisha, lakini mgonjwa akausukuma mkono wake. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, punje zikamwagika kwenye shuka. Hakuacha. Alifinyanga moja, akapumzika, akafinyanga la pili, akayalaza ukingoni, akayasogeza mpaka yakawa sawa. Yeye mwenyewe hakula.

Akaisukuma sahani kuelekea kwa Shemsa.

"Hilo lako," alisema. "La kakaako usiliguse."